Kaburi Katika Mapito

Mukendo, Musoma
4 Machi 2024

Mama mkubwa Jenoveva,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, ila joto la Musoma mwaka huu limetuanika kama dagaa.

Najua simu kwako ni saa ya kuangalia tu, na ukipigiwa unaitikia "haloo, haloo" mpaka mtu anakata. Ujumbe nao unasema herufi zake ni kama sisimizi. Basi nimerudi kwenye barua. Naituma na Makoye, yule anayeshusha dagaa soko la Bunda. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Mama, nimepata kazi. Ni kampuni ndogo ya mipango miji, ofisi iko ghorofani, juu ya duka la mabati. Na kazi ya kwanza niliyopewa ni urasimishaji wa mtaa wako huko Kabasa. Maana yake, ninyi mliojenga kabla ya kupimwa, tunawachorea ramani, tunaacha njia, halafu kila mtu anapimiwa kiwanja chake apate hati. Pasipo njia hakuna kinachoendelea.

Nina picha za mtaa wenu zilizopigwa kutoka juu miaka tofauti. Ile ya zamani ina nyumba chache na mashamba ya pamba, lakini njia zinakatana kila mahali. Kila picha inayofuata nyumba zinaongezeka, njia zinapungua. Ya mwaka jana nyumba zimefika mpaka miguuni mwa mlima, na njia karibu zote zinaingia ndani kidogo halafu zinakufa kwenye ukuta wa mtu. Bosi wangu alisema, "Mji umekua kweli." Mimi nilikuwa nahesabu njia zilizokufa.

Naomba uniambie zamani watu walipita wapi. Picha hazisemi.

Mwanao,
Naomi

*

Kabasa, Bunda
13 Machi 2024

Mwanangu Naomi,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka dagaa, nimeianika kwanza ndipo nikasoma. Hongera kwa kazi. Marehemu mume wangu Clementi angekuwepo angemsifia huyu mtoto wa mdogo wake mpaka watu watukimbie.

Unauliza njia. Tulipohamia hapa kutoka Butiama, Clementi akiwa kiwanda cha pamba, hakuna aliyeulizaga njia. Ulikuwa unapita. Unapita pembeni ya shamba la mtu, ukimkuta anapalilia unamsalimia, basi, umeshapita. Njia kubwa ilikuwa moja, mapito ya ng'ombe. Yalishuka toka mlimani, yakapita ubavuni mwa nyumba yangu mpaka kwenye lambo la kunyweshea. Kundi zima lilikuwaga linapita bila kugusa pamba.

Halafu pamba ikakosa bei, watu wakaanza kukata mashamba. Kila aliyekuja kununua aliuliza, "Njia iko wapi?" Akaonyeshwa mapito ya ng'ombe. Na wa pili akaonyeshwa hayo hayo, na wa tatu. Kila mmoja akaona, aa, mapito ni mapana haya, nikisogea kidogo yataisha? Mashimba akasogeza choo. Mwalimu akasogeza banda la nguruwe. Ng'ombe nao wakawa wameisha, hakuna tena wa kukubomolea ukuta ukijenga vibaya. Hakuna aliyefunga njia, mwanangu. Kila mtu alichukua kidogo.

Yunis unamkumbuka, mama yake Amos, rafiki yangu wa nyumba ya nyuma. Enzi masikio yangu yakiwa mazima alikuwaga anaita kutoka kwake na mimi naitikia kutoka jikoni. Sasa kuja kwangu lazima apite uani kwa Mashimba, iwapo mbwa wake amefungwa. La sivyo anazunguka mpaka lami, anapita kituo cha mafuta, anarudi, na miguu ile imevimba. Tunaonana kanisani kama wageni.

Upande wangu kipande cha mapito bado kipo. Kinaishia kwa Florian, alipolala. Pale nimezungushia ua wa minyaa, mbuzi wasimkanyage mwanangu, na pale hapaguswi. Mengine yote niulize.

Na ile picha uliyotuma Krismasi, mbona umekonda hivyo? Musoma hawali?

Mama yako mkubwa,
Jenoveva

*

Mukendo, Musoma
3 Aprili 2024

Mama mkubwa,

Shikamoo. Maelezo yako nilimsomea bosi, akaniambia nikushukuru.

Mwenyekiti wa mtaa kaniambia ulikuwepo mkutanoni, umekaa mbele kabisa, lakini najua hukusikia kitu. Nakueleza mwenyewe.

Nyumba za nyuma yako, kwa akina Yunis na wenzake, hazina njia hata moja ya kuingiza gari. Tumejaribu kupitisha upande wa mashariki, ingebidi kuvunja nyumba za watu. Upande wa magharibi kuna korongo. Palipobaki ni pale pale palipokuwa mapito. Mashimba amekubali kuhamisha choo. Mwalimu amekubali kuvunja banda. Umebaki wewe, na kwako kinachogusa si nyumba wala bustani. Ni kaburi la kaka Florian.

Kazi hii hatulazimishi mtu. Mwenye eneo asiposaini, njia haipiti.

Mama, nisamehe nikisema wazi. Sisi wawili tunajua mle ndani kuna nini. Boti ilizama wakienda kisiwa cha Rukuba, na ziwa halikumrudisha. Kilichozikwa ni gogo la mgomba. Ungekuwa mwili, ningeogopa hata kukuandikia. Kwa kuwa si mwili, naona jambo hili si gumu sana. Tunaweza kumwekea msalaba mzuri Butiama, karibu na babu, na wenzako wakapata njia.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Nimeweka alama pa kusaini.

Mwanao,
Naomi

*

Kabasa
9 Aprili 2024

Naomi,

Nimesoma. Sisaini.

Unaniambia ni mgomba. Mgomba ule niliuchagua mimi, shambani kwa shemeji Makongoro, nikatafuta wenye kimo chake. Nikauosha. Nikaufunga shuka yake. Tukalala nao ndani kama watu wanavyolala na maiti wao, padri akasali, wazee wakazika. Wewe ulikuwa shule. Kwetu mtu asipoonekana anazikwa hivyo, na akishazikwa amezikwa. Mle ndani kuna Florian.

Wala hukuuliza kwa nini yuko pale. Wazee walisema aliyefia majini asiingizwe ndani ya boma. Alazwe kando ya mapito, kwa sababu bado yuko safarini, na hayo ndiyo atakayorudia. Najua padri anasemaje juu ya maneno haya. Miaka nimefundisha kisomo cha watu wazima pale parokiani, sihitaji kufundishwa. Lakini mimi ndiye mama yake. Kila siku naketi upande ule nikichambua mboga. Masikio hayasikii, basi naangalia.

Mkimpeleka Butiama, akifika hapa atamkuta nani?

Jenoveva

*

Mukendo, Musoma
20 Aprili 2024

Baba mkubwa Makongoro,

Shikamoo. Natumaini mvua za Butiama zimekufaa.

Nina shida na mama mkubwa Jenoveva. Mtaa wake unachorewa njia, na njia haina pa kupita ila kwenye kaburi la kaka Florian. Amekataa. Nyuma yake kuna kaya nyingi, wazee na wajawazito, hawana pa kutokea. Nampenda mama, lakini nikiangalia ramani naona anawafungia watu ndani.

Wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Fomu nimeiweka humu, ukisaini kwa niaba ya familia, ofisini watapokea. Naomba tulimalize kimya kimya, yeye ajue jambo likishatengenezwa.

Mwanao,
Naomi

*

Butiama
28 Aprili 2024

Kwako Naomi, binti wa marehemu mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mbele ya mke wangu na nimeisoma tena peke yangu. Umefanya vema kuja kwa mwenye mji. Kaburi ni la ukoo, siyo la mtu mmoja analizungushia minyaa kama bustani ya mchicha.

Fomu nimesaini, na juu ya saini nimeweka dole gumba, ili wasibabaike huko ofisini.

Jumamosi tarehe 11 Mei nitakwenda Bunda na vijana, na kondoo wa kumwombea ruhusa marehemu. Usiku huo huo Florian atakuwa kwao. Jenoveva atanung'unika kisha atatii. Mimi namfahamu huyo tangu akiwa na masikio.

Wewe kaa kimya. Mambo haya siyo ya watoto.

Makongoro

*

Kabasa
14 Mei 2024

Naomi,

Shemeji Makongoro alikuja Jumamosi. Nikadhani amekuja kuniona, nikamkaangia sato. Alipomaliza kula na kunawa, akachukua fimbo akaandika chini kwenye mchanga, maana yeye hapendi kunipazia sauti: TUMEKUJA KUMCHUKUA.

Nilikwenda nikaketi juu ya kaburi. Vijana wakasimama na majembe yao hawajui waangalie wapi. Jua likawapiga, likanipiga na mimi. Kondoo alilala. Sikushuka mpaka walipofungasha wakaondoka naye.

Kabla hajaondoka alinitupia karatasi, barua uliyomwandikia, nikaona jina lako.

Ungeniletea katapila ningesema ni kazi imekutuma. Lakini umenizunguka. Ulijua Makongoro akisema ukoo, mimi sina neno, mimi ni niliyeolewa tu. Nimekulea likizo zote baada ya mama yako kufariki, umelala kitanda kimoja na huyo unayemwita mgomba mkiwa wadogo.

Usiniandikie.

Jenoveva

*

Mukendo, Musoma
6 Juni 2024

Mama mkubwa,

Umenikataza kuandika na ninaandika. Ukitaka uwashie moto.

Nilikosea, na sina la kujitetea. Nilikuwa na haraka na ramani nikasahau nasema na nani. Fomu aliyosaini baba mkubwa nimeichana.

Mstari nao nimeufuta. Kaburi litabaki, na minyaa yako itabaki. Kwenye mchoro mpya njia inatoka lami inaishia mlangoni kwako, na nyumba za nyuma zimeandikwa kwamba hazifikiki. Hizo hazitapimwa mwaka huu. Amos alipoambiwa aliuliza tu kama mwaka kesho inawezekana.

Mchoro umebandikwa ofisi ya mtaa mpaka mwisho wa Julai kwa wenye pingamizi. Baada ya hapo unapelekwa kupitishwa, na ukishapitishwa kuubadilisha ni kazi ya miaka. Nakuambia tu ujue. Sikuombi kitu.

Naomi

*

Kabasa
8 Julai 2024

Mwanangu Naomi,

Naandika kwa sababu wa kumwambia amekufa. Yunis ametutoka.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Juni, mchana, tumetoka misa. Alifika kwake pumzi ikambana. Amos akaita bajaji, bajaji ikaja ikasimama upande wangu, maana ndipo karibu na lami. Wakambeba kwenye kiti, wakaja naye mpaka nyuma ya minyaa yangu. Wakaniita niwafungulie niwapitishe. Hakuna ambaye angethubutu kuruka kaburi la mtu aliyefia majini bila mwenyewe kumruhusu, tena amebeba mgonjwa. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, mgongo nimewapa. Amos anasema waliita mpaka sauti zikakauka, na dereva upande wa pili akapiga honi tu, hakujua kwamba sisikii.

Wakarudi. Wakapita kwa Mashimba, geti limefungwa, mwenyewe hajarudi kanisani. Wakavunja kufuli. Walipofika kituo cha mafuta alikuwa ameshanyamaza.

Mimi niliposhiba nilitoka nje nikaketi pale pale, nikaanza kuchambua mboga ya jioni. Nilikuwa naangalia njia ya Florian. Sikujua kitu mpaka Lilian, mke wa Amos, alipokuja ananipigia kelele usoni na machozi yanamtoka.

Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Jumatano wakamtoa kumpeleka Mugeta, akazikwe na mumewe. Jeneza halikukata kona kwa Mashimba. Walijaribu kulisimamisha wima, wanawake wakakataa, mama wa watu asisimamishwe kama gunia. Amos akaja kwangu. Akapiga magoti mbele yangu. Nilichukua panga nikakata minyaa kwa mkono wangu, utomvu ukanirukia, macho yananiwasha mpaka leo. Wabebaji wakafika kwenye kaburi wakasita. Wanataka kupita kwa ubavu, jeneza linainama. Nikawaambia, kanyageni. Hawakusogea hata mmoja. Basi nikapanda mimi, nikasimama juu ya mwanangu, nikampa Amos mkono. Ndipo wakapita.

Tangu siku ile silali vizuri. Nilikuwa namlinda asikanyagwe, kumbe nimewazuia walio hai. Namlilia Yunis, na nina hasira na Florian, halafu naona aibu kumkasirikia marehemu. Wewe ulinikosea, Naomi, na bado nasema ulinikosea. Lakini juu ya njia ulisema kweli.

Rudisha mstari. Fomu ile ya kwanza sikuichana, nimeisaini, Makoye anayo. Ila shika maneno yangu. Florian haendi Butiama. Haondoki pale. Na kabla katapila haijaja, tutalifungua kaburi sisi wenyewe kwa majembe, tumuage. Njia ipite juu yake.

Wahi kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama yako mkubwa,
Jenoveva

*

Butiama
2 Agosti 2024

Shemeji Jenoveva,

Naomi amekuja hapa mwenyewe kunieleza, na barua yako amenisomea.

Nilikuja kwako na watu na majembe kana kwamba nakuja kwa mwizi. Nimekaa na jambo hilo. Huyo mtoto ulimzaa wewe, na mgomba ule uliubeba wewe begani kutoka shambani kwangu mpaka kwenye gari, vijana wakiwepo, ukakataa kupokewa. Ningekumbuka hilo nisingekuandikia kwenye mchanga.

Siku mtakayofungua nitakuja. Kondoo yupo bado. Nitamwombea marehemu akubali kukaa alipo.

Shemeji yako,
Makongoro

*

Kabasa
24 Novemba 2024

Mwanangu Naomi,

Mchoro umepitishwa, umeshasikia, na watu wako walikuja wakasimika bikoni, vile vigingi vya zege vya mipaka. Mwenyekiti alinionyesha kwa kidole, kiwanja cha huyu hapa, cha huyu pale. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Tulifungua kaburi Jumamosi iliyotangulia katapila. Shemeji Makongoro alikuja kama alivyoahidi, akasema na Florian kwa Kizanaki muda mrefu. Mimi sikusikia, nilimwangalia midomo. Amos akavunja saruji, wakachimba. Hakuna kitu, Naomi. Hakuna gogo, hakuna shuka. Udongo mweusi tu, laini, kama wa bustani. Nilishuka mwenyewe nikaushika. Hapo nililia. Miaka yote sikuwa nimelia vizuri, nilikuwa na kazi ya kungoja. Nililia mpaka shemeji akanishika mabega, na yeye ana machozi kwenye ndevu. Kisha tukafukia, tukashindilia, wanawake wakaimba wimbo wa kumsindikiza.

Mashimba alitaka njia iitwe Florian. Nimekataa. Mkiiita hivyo nitarudi kuketi juu yake. Iitwe njia tu.

Sasa watu wanapita. Wanapita mno, hata. Bodaboda zinarusha vumbi kwenye mboga zangu, na mimi sisikii honi, majuzi imebaki kidogo nigongwe mlangoni kwangu. Mchana gari la maji linapanda mpaka juu, halijawahi. Binti wa mwalimu ameolewa, msafara ulipitia hapa, nilisimama nikapunga mkono. Lilian amejifungua, bajaji ilimfuata mpaka mlangoni kwake, ikamrudisha na mtoto wa kike. Wamempa jina la Yunis. Nilimpakata nikaona aibu. Ningekata minyaa wakati wa Pasaka, bibi yake angempakata mwenyewe. Hilo halifutiki, na sitaki mtu anifariji.

Bado naketi upande ule. Kama Florian yuko safarini, atakuta pamefunguka toka lami mpaka mlimani. Kama hayuko, basi.

Njoo Krismasi, ulale kitanda chako. Shuka kituo cha mafuta, usizunguke, ingia moja kwa moja. Ukishapita kwa Makongoro muuza mkaa, siyo huyu wetu, utaona mahali udongo una rangi nyingine. Najua utataka kupita pembeni. Usipite pembeni. Kanyaga, mwanangu, uje.

Mama yako mkubwa,
Jenoveva